Sauti Baada ya Noti ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza shajara. Mume wangu anasema nitaiacha kabla matope hayajakauka. Tutaona.

Watunzi waliokufa wana adabu yao moja: hawaji kwenye mazoezi. Nimerekodi muziki wao miaka nenda rudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika bega na kuniambia kwamba kuhusu noti ile amebadili mawazo. Kuanzia Jumamosi nitamrekodi mtunzi aliye hai, tena hai kupita kiasi, na kwa bahati yangu ni shangazi yangu.

Shangazi alifundisha jiografia mpaka akastaafu. Wenzake wakiwa wanapiga soga kwenye chumba cha walimu, yeye alikuwa anaandika muziki wa nyuzi nyuma ya ramani kuukuu, kwa sababu karatasi ya ramani ni pana na haichaniki ovyo. Kazi zake zimepigwa na wanafunzi, na mara chache na watu wazima, lakini haijarekodiwa hata moja. Sasa kampuni ya kutoa muziki imekubali kutoa "Vyumba Vinne", aliyoiandika kwa fidla mbili, viola na selo, mradi tuwakabidhi kabla mvua za msimu huu hazijaisha. Yeye mwenyewe ana haraka kuliko kampuni. Sikio lake la kushoto limeshaanza kumtoroka, na daktari anasema la kulia litafuata.

"Nataka niusikie wakati bado nina cha kusikilizia," ameniambia, kama mtu anayeagiza sukari.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kukagua ukumbi wa chuo cha ufundi. Sakafu ni ya mbao nzito, kuta hazina nakshi wala mapazia ila lile la jukwaani, na ukipiga kofi moja sauti inazunguka kwa raha zake kabla ya kwenda. Nimeupenda. Paa ni la bati, hilo nimelichukia. Mvua ikinyesha humo ndani ni kama mtu anamwaga kokoto, kwa hiyo tutarekodi asubuhi tu, kabla mawingu hayajaamka.

Kile chumba cha pembeni nilimotaka kukaa na mitambo yangu kinavuja mpaka kwenye swichi. Basi nitakaa ukumbini humo humo, nyuma ya pazia, hedifoni masikioni. Maana yake nami itabidi nisipumue. Hilo halinipi shida. Katika kazi hii watu wananiita Ukuta, kwa sababu naweza kukaa muziki mzima bila kukohoa, kujikuna wala kumeza mate kwa sauti. Ni sifa ndogo, lakini ni yangu na naitunza.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza. Wapigaji ni wanne.

Fidla ya kwanza ni bwana mmoja aliyekuja na suti na kiti chake kutoka nyumbani. Nimempa jina la Mheshimiwa kabla hajakaa. Fidla ya pili ni binamu yake, msichana mcheshi ambaye kazi yake nyingine ni kumkata jicho Mheshimiwa anapozidi. Viola iko kwa Daktari wa Meno, anayeangalia vinywa vya watu wakiongea na kunyamaza ghafla kama ameona jambo. Selo inapigwa na Mama Kijacho, ambaye tumbo lake limeshaanza kugombea nafasi na chombo. Anasema mtoto anapiga teke kwenye noti za chini, ama hazimpendezi au zinampendeza mno.

Nikawaeleza sheria yangu. Mkupuo, yaani kupiga kipande mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hauishi kwenye noti ya mwisho. Baada ya noti ya mwisho hakuna kushusha upinde, hakuna kusogeza mguu, hakuna kuguna, mpaka mimi nitoe mkono nje ya pazia. Sauti iachwe ife yenyewe kwenye mbao. Wote wakaitikia. Shangazi, aliyekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote.

Mvua ikaja mapema. Tumeambulia patupu.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi amepiga simu. Amebadili noti sita kwenye "Sebule", chumba cha kwanza kati ya vile vinne.

Alhamisi, 13 Machi

Amepiga tena. Amezirudisha nne.

Jumamosi, 15 Machi

"Sebule" imekamilika! Kipande cha kwanza, wageni wote wanaongea kwa pamoja na hakuna anayesikilizwa, halafu mlango unabamizwa. Kilipoisha Mama Kijacho alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, na Daktari wa Meno akasogea haraka kana kwamba angeweza kumzalisha.

Mheshimiwa peke yake ndiye ambaye hakuridhika. Alitaka turudie kwa sababu kiti kimemkalisha upande. Kiti ni chake.

Jumanne, 18 Machi

Mvua mchana kutwa. Nguo hazikauki. Mume wangu ananiuliza kama watunzi wa kisasa wanalipwa kwa kelele au kwa noti. Nikampa hedifoni asikilize "Sebule". Alikaa nayo mpaka mwisho, akazivua, akasema anaijua hiyo familia.

Jumamosi, 22 Machi

"Chumba cha Wageni" nusu. Bati likatukatiza tukiwa pazuri. Nimeanza kuitazama anga kama mtu anayedaiwa.

Jumamosi, 29 Machi

Leo tumekula ng'ombe mzima. Tumemaliza "Chumba cha Wageni" na "Stoo" kwa pamoja. "Stoo" ni kipande cha mbio, cha mtu anayetafuta kitu na kuangusha kila kitu kingine, na binamu wa Mheshimiwa alikipiga ulimi nje. Kimebaki "Jikoni" tu, cha mwisho. Ni cha polepole, hakina fujo, na kinaisha kwa noti moja ya selo iliyo laini kuliko zote.

Shangazi ametuambia kwamba hicho ndicho alichoandika kwanza, kabla ya vyote, akiwa mwalimu mpya. Hajawahi kukisikia kikipigwa sawasawa. Wanafunzi walikuwa wanakikimbiza ili wakacheze mpira.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika nikiwa nimechanganyikiwa kidogo.

Tumepiga "Jikoni" mara nyingi asubuhi hii. Mara za mwanzo zilikuwa za kutafutana. Halafu mara moja wakaingia wote wanne kwa mguu mmoja, nikajua kwamba hii ndiyo yenyewe. Nywele zilinisimama. Noti ya selo ikalala, ukumbi ukaibeba, nami nikiwa naihesabia pumzi za mwisho nikasikia kitu: mmh. Kifupi, cha chini, halafu basi.

Nikauliza ni nani. Hakuna aliyejitokeza. Tukarudia. Ikaja nyingine nzuri, na mwisho wake, mmh. Mheshimiwa akasema wazi ni friji la msimamizi wa ukumbi. Mama wa watu akachomoa friji lake huku akinung'unika kuhusu maziwa yake. Mkupuo uliofuata ulikuwa mbovu na haukuwa na mlio wowote, basi tukampongeza Mheshimiwa. Uliofuata ulikuwa wa kulia machozi. Mmh.

Mvua ikaanza. Mama Kijacho akatuambia kwamba daktari wake amemruhusu mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo asiguse selo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekaa na mikupuo yote siku nzima, sauti juu. Mlio ule haupo kwenye mikupuo mibovu. Haupo hata kwenye ile ya kuridhisha. Upo kwenye ile mizuri tu, na ukizidi uzuri nao unazidi. Friji haliwezi kujua tofauti hiyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nzima tumeshukiana. Mheshimiwa alimnyooshea kidole Daktari wa Meno kwamba ana tabia ya kuguna akimaliza jino. Daktari akamtuhumu mtoto wa tumboni. Binamu akapendekeza ni mzimu wa fundi seremala, akafa kicheko peke yake. Nikawaomba wote wafumbe midomo na kuitikia kwa macho.

Wakapiga. Wakapatia. Safari hii noti ya mwisho ilipolala niliinua pembe ya pazia.

Nikamwona Shangazi. Amefumba macho, mikono juu ya mkoba, kidevu kinashuka taratibu. Midomo imefungwa. Na kutoka ndani ya ile midomo, mmh.

Alipofumbua macho alinitazama kwa masikitiko makubwa, akasema, "Wameharibu tena, sivyo?"

Hakujua. Nilimwangalia nikaona kabisa kwamba hakujua. Sauti ya chini namna ile, upande ule wa sikio lililokwisha kuondoka, asingeweza kuisikia hata ikitoka kwake mwenyewe. Nikasema mvua inakuja, tufungashe. Mvua haikuwa inakuja. Mheshimiwa alinitazama, akamtazama Shangazi, akafunga fidla yake bila kusema kitu. Kwa mara ya kwanza nikamshukuru.

Jumatatu, 14 Aprili

Mtu unamwambiaje shangazi yako kwamba anayeharibu kazi ya maisha yake ni yeye? Mume wangu alishauri nimwandikie ujumbe. Nikamwambia aendelee kukausha nguo.

Nilikwenda kwake saa za alasiri. Shikamoo, marahaba, chai, habari za nyumbani, akanionyesha vidonda vya mguu wa paka. Nilizunguka mbuyu mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikatoa hedifoni, nikamvalisha kwenye sikio zima, nikamwekea mwisho wa "Jikoni".

Akasikiliza. Akasema ni yule Daktari wa Meno, alimshuku tangu mwanzo. Nikamwambia, "Shangazi, Daktari alikuwa amekaa kulia. Sauti imetoka mbele." Nikamwekea tena. Akaanza kukasirika, nikaona mishipa ya shingo, akasema hajafundisha watoto kunyamaza miaka yote ile ili aje kuguna ukumbini. Kisha akanyoosha kidole niirudie. Nikairudia. Akaomba tena. Hasira zikamtoka usoni moja moja, na kilichobaki sikukitegemea.

"Huyu ni mama," akasema.

Nikadhani amechanganya. Akanieleza. Bibi yangu, ambaye mimi simkumbuki, alikuwa haonji chungu kwa maneno. Alitia mwiko, akamimina kidogo kiganjani, akalamba, na kama chumvi imekaa sawa alisema hivyo tu, mmh, wakajua chakula kiko tayari. Kama haijakaa sawa hakusema kitu, akaongeza moto. "Jikoni" ni jiko lile. Shangazi aliandika moto, aliandika masufuria, aliandika watoto wanaosubiri, na alidhani ameandika kila kitu.

Alifuta machozi kwa pindo la kanga, akacheka, akanirudishia hedifoni. Akasema asiwe yeye sababu ya kazi kuharibika. Jumamosi atakaa kwa msimamizi wa ukumbi, mlango ufungwe.

Jumamosi, 19 Aprili

Mikupuo yote safi. Hakuna mlio, hakuna kiti, hakuna friji. Na yote imelala kama chakula cha hospitali.

Sikutaka kusema. Aliyesema ni Mheshimiwa. Aliweka fidla mapajani, akalegeza tai, na akaniambia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mimi nilikuwa nampigia yule mama. Nilikuwa natafuta ile mmh. Sasa nampigia nani?" Binamu yake hakumkata jicho. Alimshika mkono.

Kumbe alijua siku nyingi kwamba ni Shangazi, kabla yangu, na alikubali kuonekana mjinga wa friji kuliko kumuumbua mtu mzima mbele ya watu. Nimemwonea bwana huyu mwezi na nusu. Kile kiti chake ni kwa ajili ya mgongo, binamu ameniambia.

Imebaki Jumamosi moja. Mama Kijacho sasa anapiga selo kwa kuipakata upande, kama mtu aliyebeba watoto wawili.

Jumatatu, 21 Aprili

Shangazi amepiga simu asubuhi kabla sijanawa uso. Amebadili noti.

Nilitaka kulia. Nikamwambia Shangazi, tafadhali, muda umekwisha. Akaniambia ninyamaze nisikilize, hii ni moja tu. Baada ya noti ya mwisho ya selo ameongeza kimya cha mapigo manne, na baada ya kimya hicho, noti moja ya sauti ya mtu, mdomo umefungwa. Ameiandikia mstari wake, chini ya selo, na jina la mpigaji: Aliyeketi.

"Kama imo kwenye karatasi," akasema, "si kelele tena. Ni muziki. Nani atanikataza? Mwenye kazi si niko hai?"

Nilicheka mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu.

Alhamisi, 24 Aprili

Shangazi anafanya mazoezi ya noti yake kwa simu. Ni balaa. Akikusudia, inatoka kama ng'ombe aliyeulizwa swali. Nimemwambia ni nzuri sana.

Jumamosi, 26 Aprili

Mawingu yalikuwa chini asubuhi, yamejaa, lakini hayakunyesha. Tuliingia ukumbini bila salamu ndefu. Msimamizi alichomoa friji lake mwenyewe kabla ya kuambiwa, na maziwa alishayahamishia kwa jirani. Mheshimiwa alikuja bila suti.

Shangazi alikaa mstari wa mbele, karatasi yake yenye noti moja ameishika kwa mikono miwili. Daktari wa Meno alimwambia alegeze taya. Nikaingia nyuma ya pazia.

Sitajua kueleza walivyopiga. Najua kwamba moto uliwashwa, kwamba fidla mbili zilikuwa zinaitana kutoka pande mbili za chumba, kwamba viola ya Daktari ilikuwa inakoroga na kukoroga bila haraka. Selo ilishuka mpaka chini kabisa, na Mama Kijacho ameniambia baadaye kwamba mtoto alitulia tuli, hakupiga teke hata moja. Noti ya mwisho ikalala. Ukumbi ukaichukua.

Pigo la kwanza. La pili. La tatu. La nne.

Kimya.

Nikainua pembe ya pazia. Shangazi alikuwa amefumba macho na karatasi imemwanguka miguuni. Machozi yanatiririka, uso unang'aa, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Alikuwa anasikiliza. Amesahau kabisa kwamba ana noti. Wapigaji wanne walikuwa wameganda, pinde hewani, macho yote kwake, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Kimya kikawa kinarefuka, na kilikuwa kizuri, na kilikuwa kimejaa, na kulikuwa na kitu kimoja tu kilichopungua.

Na hapo, kutoka nyuma ya pazia, ikatoka mmh.

Ilikuwa yangu. Mimi, Ukuta. Naapa sikuipanga. Ilipanda yenyewe kutoka tumboni, ikapita kooni, fupi, ya chini, na niliisikia kwenye hedifoni kana kwamba ni mtu mwingine amefika. Sikuwahi kumwona bibi yangu jikoni wala kuonja chungu chake.

Nilisahau kutoa mkono. Tukakaa hivyo mpaka tone la kwanza lilipogonga bati, halafu la pili, halafu mvua yote ikamwagika, na ndipo Mheshimiwa aliposimama juu ya kile kiti chake na kupiga makofi kama kichaa. Shangazi akafumbua macho, akauliza kama ameimba vizuri.

Tukaangaliana. Binamu akaangua kicheko, na baada ya hapo hakukuwa na mtu mzima ukumbini. Nikamwambia ukweli. Akanivuta kichwa, akanibusu kwenye paji la uso.

"Nimesahau," akasema. "Nilikuwa nasikiliza, mwanangu. Nimeusikia wote."

Ijumaa, 2 Mei

Msichana. Mnene, mzima, ana mapafu ya kutosha. Mama yake anasema analala kwa selo tu.

Jumapili, 11 Mei

Matope yanaanza kukauka. Nimemwonyesha mume wangu shajara. Amekiri.

Jumamosi, 17 Mei

Kampuni wamepokea kazi. Waliuliza ile sauti ya mwisho iandikwe ni ya nani kwenye jalada. Shangazi amewajibu mwenyewe, kwa herufi kubwa: Aliyeketi, na jina langu.

Leo tumekaa sebuleni kwake, mimi na yeye, paka katikati, spika zimegeuzwa upande wa sikio zima. Tumesikiliza vyumba vyote vinne bila kuongea. "Jikoni" ilipofika mwisho, noti ya selo ikalala, mapigo manne yakapita, yakapita mengine, na kutoka kwenye spika ikaja mmh yangu. Na kutoka pembeni yangu, macho yamefumbwa, kidevu kinashuka, ikaja ya kwake.

Nikamwambia amechelewa kuingia. Hakufumbua macho. Akasema mtunzi aliye hai anaingia anapotaka, na nirudishe mwanzo.